Watafiti wa magonjwa ya mimea wapewe muda: ushahidi ni muhogo wa Amani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kazi ya mtaalamu wa magonjwa ya mimea na namna tunavyoitazama nchini mwetu. Nilikuwa afisa ugani kwa miaka thelathini na miwili, sehemu kubwa ya miaka hiyo nikiwa mkoani Mtwara, na sasa nimestaafu na kurudi kwetu Muheza. Kilichonifanya nishike kalamu ni mjadala niliousikia redioni hivi karibuni, ambamo wachangiaji walibishana vikali kuhusu bayoteknolojia ya kilimo, lakini wote, wenye kuunga mkono na wenye kupinga, walikubaliana kwamba kitu hicho kimetufikia juzi kutoka ng'ambo na kwamba sisi hatuna historia nacho. Nilisikitika, kwa sababu nikisimama uwanjani kwangu asubuhi naiona milima ya Usambara Mashariki, na huko juu, Amani, ndiko ilikofanyika kazi ambayo matunda yake yamo katika mashamba ya mihogo ya nusu ya bara hili.

Kituo cha Amani kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na baada ya vita kuu ya kwanza Waingereza wakakigeuza kuwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki. Ndipo alipofika Harold Haydon Storey, mtaalamu wa magonjwa ya mimea, akitokea Natal, Afrika Kusini. Huko Natal mwaka 1925 alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba ugonjwa wa milia ya mahindi huenezwa na mdudu mdogo arukaye kutoka jani hadi jani, mwenye urefu wa karibu nusu ya punje ya mchele, ambaye wataalamu humwita Cicadulina mbila. Alipokuwa Amani aliendelea na mdudu huyo huyo. Aligundua kuwa miongoni mwao wapo wawezao kuambukiza na wapo wasioweza, hata wakilishwa jani lile lile lenye ugonjwa, na kwamba uwezo huo wanaurithi kutoka kwa wazazi wao. Kisha akachukua wale wasioweza, akawatoboa utumbo kwa sindano nyembamba, nao wakaanza kuambukiza. Maana yake ni kwamba virusi vilikuwa vimezuiwa ndani ya utumbo, na ukuta wa utumbo ndio uliokuwa mlango uliofungwa. Naomba msomaji afikirie mkono wa mtu anayetoboa utumbo wa mdudu wa ukubwa huo bila kumuua, tena mwanzoni mwa miaka ya 1930, katika maabara iliyozungukwa na msitu na ukungu. Mwaka 1946 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London, chama mashuhuri cha wanasayansi wa Uingereza, na sehemu kubwa ya kazi iliyompa heshima hiyo aliifanyia hapa kwetu.

Hata hivyo, kwa mkulima wa pwani, kazi kubwa ya Storey ni ile ya muhogo. Ugonjwa wa batobato ulikuwa umekwisha kuelezwa na Mjerumani Warburg mwaka 1894, hapa hapa katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Storey alipoanza kuitazama mihogo ya Tanganyika kwa jicho la mtu aliyezoea virusi, aliona kuna ugonjwa wa pili uliofichwa na huo wa kwanza, na mwaka 1936 akauandika kwa mara ya kwanza duniani: ndio huu tunaouita michirizi ya kahawia. Tofauti ya magonjwa haya mawili ni muhimu kuielewa. Batobato haina siri, kwa maana majani machanga hujikunja na kuwa na mabaka ya njano, na hata mtoto wa shule anaweza kukuonyesha mche unaougua. Michirizi ya kahawia ni mnafiki. Majani ya chini hupata unjano hafifu kandokando ya mishipa, jambo ambalo mkulima hudhani ni uzee wa jani, shina hupata vijistari vya kahawia ambavyo usipoinama huvioni, na mche wenyewe unaweza kusimama ukiwa umenawiri hadi siku ya kuchimba. Siku hiyo ndipo unapoukata muhogo na kukuta ndani umejaa vidonda vikavu vya rangi ya kahawia, vigumu kama kizibo cha chupa.

Storey na mwenzake Nichols walianza kutafuta muhogo unaostahimili magonjwa hayo. Walikusanya aina nyingi kutoka pembe mbalimbali za dunia, wakazipanda, wakazitazama zikiugua moja baada ya nyingine. Walipoona kuwa ndani ya muhogo wenyewe kinga haitoshi, waliwageukia jamaa zake wa porini, na aliyefaa kuliko wote alikuwa mti ambao watu wa Tanga tunaufahamu sana, yaani mti wa mpira. Sizungumzii mpira wa Malaya, bali ule wa Ceara, Brazili, ambao Wajerumani waliupanda kwa wingi katika mkoa wetu hadi bei ya mpira ilipoporomoka mwaka 1913 na mashamba kuachwa. Mti huo ni ndugu wa damu wa muhogo. Majani yake tunayatwanga, tunayapika kwa nazi, tunayaita kisamvu cha mpira, na wapo wanaoapa kuwa ni kitamu kuliko kisamvu chenyewe. Nimekula kisamvu hicho tangu utotoni, na nilikuwa mtu mzima mwenye cheti cha kilimo nilipojua kwamba kinga ya muhogo wetu ilitoka katika mti ule ule uliokuwa uani kwa bibi yangu.

Namna ya kuzalisha chotara wa muhogo inastahili kuelezwa, maana watu hudhani ni jambo la kubonyeza mashine. Ua jike la muhogo na ua dume hukaa katika kishada kimoja, lakini jike hufunguka kwanza na dume hungoja kwa wiki moja au mbili. Mzalishaji huanza kwa kulifunika ua jike kwa kifuko cha kitambaa kabla halijafunguka, ili nyuki asimtangulie, kisha siku ya kufunguka huchukua ua dume la mti aliouchagua na kuligusisha taratibu. Akifanikiwa atapata tunda lenye mbegu tatu, na mara nyingi hupungua. Mbegu hizo huoteshwa, na kila mche utokao ni mtu wake, haufanani na nduguye. Pale Amani kazi hii ilifanywa kwa maelfu ya miche, msimu hadi msimu, na hapana shaka mikono iliyofunika maua, kupalilia na kubeba debe za maji ilikuwa mikono ya wenyeji wa milima ile, ambao majina yao hayakuandikwa katika taarifa za kitaalamu. Hilo ni deni, nalo nalitaja kwa sababu heshima ya kazi ile ni yao pia.

Chotara wa kwanza kati ya muhogo na mpira alikuwa na afya nzuri lakini mizizi yake ilikuwa duni, kwa hiyo ilibidi arudishwe kwa muhogo, na uzao wake urudishwe tena, na tena, kila mara ukichaguliwa mche uliobaki na kinga ya mti na kupata mizizi ya muhogo. Ukihesabu kwamba tangu mbegu hadi kuchimba na kuona mizizi ni mwaka au zaidi, na kwamba mwaka mmoja hautoshi kuamini kinga ya mche wowote, utaelewa kwa nini kazi iliyoanza katikati ya miaka ya 1930 ilifikia tamati mwaka 1957. Baada ya Nichols iliendelezwa na Jennings, na Storey mwenyewe alikuwa amehamia Muguga, Kenya, makao mapya ya utafiti wa Afrika Mashariki. Kwa zaidi ya miaka ishirini watu wale wale, au wanafunzi wa watu wale wale, walitazama mimea ile ile. Hilo ndilo ninalotaka msomaji alishike.

Mradi ulipofungwa, mihogo ya Amani ilitawanyika. Baadhi ya mbegu zilipelekwa Nigeria, na kutokana nazo kukapatikana uzao ambao IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha nchi za joto iliyoko Ibadan, iliutumia tangu miaka ya 1970 kuzalisha aina zake mpya. Mojawapo ya aina hizo, TMS 30572, ilienea Nigeria, kisha ikarudi upande wetu: Uganda iliipokea na kuiita Nase 3, nayo ikawa miongoni mwa mihogo iliyowasaidia wakulima wakati batobato kali ilipoifagia mihogo ya nchi hiyo katika miaka ya 1990. Kinga iliyochotwa katika mti wa mpira Usambara ilikuwa imezunguka bara zima na kurudi jirani ikiwa na jina jipya.

Mihogo mingine haikwenda mbali, nayo ndiyo iliyonifunza mimi.

Nilipopangiwa kazi Newala nikiwa kijana, ofisi niliyoitumikia ilinikabidhi mzigo wa pingili za muhogo uitwao Albert ili niwagawie wakulima. Albert ni muhogo mtamu, unapendwa sokoni, na watu walizipokea kwa furaha. Hakuna aliyekuwa amezikagua pingili zile kabla ya kupakiwa, na mimi mwenyewe sikuinama kutazama mashina. Miongoni mwa niliowagawia alikuwamo bibi mmoja mjane, ambaye alinikubalia kwa adabu, akapanda matuta yangu karibu na njia ili kila apitaye ayaone, na matuta yake ya zamani akayaacha nyuma ya jiko. Mwaka uliofuata nilikwenda kuchimba naye. Mihogo ya njiani ilikuwa imestawi kiasi cha kunitia fahari. Bibi alishika panga, akaukata muhogo wa kwanza, akanionyesha bila kusema neno: ulikuwa wa kahawia kutoka kati hadi karibu na ganda. Akakata wa pili, na wa tatu, akibandua vipande vyeupe vilivyosalia na kuvitupia katika ungo, na ungo haukujaa. Kisha akanipeleka nyuma ya jiko, akang'oa mche mmoja wa muhogo wake alioupata kwa mama yake mkwe, akaukata, nao ulikuwa mweupe kama nazi.

"Bwana shamba, mwanangu," akaniambia, "wako umependeza majani. Wangu umependeza chini."

Muhogo ule aliuita Namikonga. Nilimwomba radhi, akanipa pingili kumi nizipande kwangu. Sikujua, wala yeye hakujua, kwamba Namikonga haukuwa muhogo wa asili wa kusini. Miaka mingi baadaye wataalamu walipochunguza vinasaba vya mihogo ya pwani walikuta kwamba Namikonga wa kusini mwa Tanzania na Kaleso wa pwani ya Kenya ni mche mmoja, na mche huo ni chotara wa Amani ambaye katika madaftari ya kituo jina lake lilikuwa namba tu, 46106/27. Kituo kilikuwa kimeuaga mradi wake, lakini akina mama wa Newala na Kilifi walikuwa wameendelea na kazi kwa kupeana pingili, bila mshahara na bila kujua wanahifadhi nini.

Habari haikuishia hapo. Mwaka 2017 kundi la watafiti wetu na wenzao wa nje lilichapisha matokeo ya kazi ambayo kwangu ilikuwa kama kusoma barua kutoka nyumbani. Walikuwa wamemzalisha Namikonga na Albert, wakaupanda uzao wao katika vituo vya utafiti vya Naliendele, Mtwara, na Chambezi, Bagamoyo, na kwa kuulinganisha na ramani ya vinasaba wakaonyesha ni sehemu gani za kromosomu zinazoambatana na kustahimili michirizi ya kahawia. Matuta mawili ya yule bibi, la njiani na la nyuma ya jiko, yalikuwa yamekuwa mama na baba wa utafiti. Mwaka mmoja kabla ya hapo, wanasayansi waliosoma vinasaba vya mihogo mingi ya Afrika walikuwa wamekwisha kuona vipande vya mti wa mpira bado vimo ndani ya aina bora za bara hili, ushahidi ulioandikwa ndani ya mmea wenyewe kwamba kazi ya Amani haikufutika. Hiyo ndiyo bayoteknolojia. Kabla haijawa mjadala wa redioni, ni uwezo wa kusoma kilichomo ndani ya pingili badala ya kubahatisha kwa macho kama nilivyobahatisha mimi.

Ugonjwa nao haukulala. Kwa miongo mingi michirizi ya kahawia ilijulikana kuwa ugonjwa wa ukanda wa pwani na wa mwambao wa Ziwa Nyasa, wa nchi za chini, na vitabu tulivyosoma chuoni vilitwambia kwamba ukipanda juu ya mita elfu moja hauna nguvu. Zamani uliwahi kuonekana Uganda kutokana na pingili zilizopelekwa kutoka Amani kwenyewe, ukateketezwa mapema, na hili nalitaja ili nisionekane nawasifia wataalamu kana kwamba hawakosei. Lakini mwaka 2004 ulionekana tena Uganda, katika nchi za juu, na safari hii haukuzimika. Ukaingia kanda yetu ya ziwa, magharibi mwa Kenya, Burundi, Rwanda na mashariki mwa Kongo. Walioutambua kuwa unasababishwa na virusi vya aina mbili na wala si kimoja, na kwamba inzi weupe ndio wanaovihamisha shambani huku sisi wanadamu tukivihamisha mbali kwa magari yetu yaliyosheheni pingili, ni watu waliokuwa wameshakaa na magonjwa ya muhogo kwa miaka, si waliokuja na mkutano wa wiki moja.

Miongoni mwao ni Mtanzania ambaye naona vijana wetu wa kidato cha sita wangefaa kumjua kama wanavyowajua wachezaji wa mpira wa miguu, naye ni Profesa Joseph Ndunguru. Mwaka 2005, yeye na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba virusi vya batobato vilivyomo Tanzania ni vya namna nyingi kiasi cha kuifanya Afrika Mashariki ionekane kuwa kitovu cha aina za virusi hivyo. Tafakari maana yake: muhogo ulikuja na Wareno kutoka Brazili, lakini ugonjwa ulimkuta hapa, ukatoka katika mimea yetu na kumwingia mgeni. Kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Mikocheni, Dar es Salaam, aliongoza kazi ya kutambua virusi vya muhogo iliyounganisha maabara za nchi kadhaa za Afrika Mashariki na Kusini, na baadaye alikuwa katika kundi la wataalamu wa Tanzania, Kenya, Uganda na Australia waliokwenda na kifaa cha kusoma vinasaba kinachotosha kiganjani hadi shambani kwa mkulima, wakasoma virusi vya mche wake na kumpa jibu pale pale bila sampuli kusafirishwa ng'ambo na kungojewa kwa miezi. Baadaye akawa mkuu wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu yenye makao yake Arusha. Ukiitazama safari hiyo utaona kuwa ni ya virusi vile vile, zao lile lile, kwa zaidi ya miaka ishirini. Hakuna njia ya mkato iliyompitisha.

Hapa ndipo ninapofika kwenye malalamiko yangu, Ndugu Mhariri. Nimefanya kazi na watafiti vijana wengi, wasichana na wavulana, waliokuja mashambani kwetu wakiwa na vishikwambi na vifuko vya sampuli, wenye bidii na adabu kwa wakulima. Wengi wao nilikutana nao msimu mmoja au miwili tu. Waliajiriwa kwa mkataba wa mradi wa miaka mitatu, na mradi ulipokwisha walikwenda wakawa maafisa mikopo, wengine wakauza dawa za mifugo, mmoja nilimkuta anaendesha gari la abiria. Aina mpya ya muhogo, tangu ua lifunikwe kifuko hadi pingili zimfikie mkulima, huchukua kama miaka minane hadi kumi. Mradi wa miaka mitatu, ukitoa miezi ya kuagiza vifaa na miezi ya kuandika taarifa, huchimba mihogo mara mbili. Mtafiti anaondoka akiwa ndiyo kwanza ameanza kuutambua mche unaojifanya mzima, na yule anayemrithi anaanza kujifunza upya kuinama.

Tena kuna jambo la mashamba ya kuhifadhia mbegu mama, linalosahaulika kuliko yote. Mahindi unaweza kuyaweka katika kopo na kuyasahau kwa miaka, lakini muhogo huhifadhiwa ukiwa hai, shambani au katika chupa za maabara, na kila mwaka lazima pawe na mtu wa kuupanda upya, kuukagua na kung'oa ulioambukizwa. Bajeti ikikatwa kwa msimu mmoja tu, aina iliyochukua miaka ishirini kutengenezwa inaweza kuliwa na mchwa. Nimewahi kuona shamba la namna hiyo, ambalo sitalitaja, likiwa limegeuka nyasi za kuficha mtu, vibao vya majina vimelala chini na maandishi yamefutwa na mvua. Mlinzi aliniambia kuwa fedha za kupalilia hazijaja tangu mradi ufungwe. Tulipata bahati kwa Namikonga kwa sababu bibi wa Newala alikuwa na matuta nyuma ya jiko. Serikali haiwezi kuufanya huo kuwa ndio mpango wake.

Kuhusu mbegu zilizobadilishwa vinasaba, najua ndilo jambo linalowasha hisia za watu, na sitalikwepa. Mwezi Juni 2021 mamlaka ya usalama wa viumbe ya Kenya iliidhinisha muhogo ambao umewekewa kipande cha vinasaba vya virusi vyenyewe vya michirizi ya kahawia, ili mmea uvitambue virusi hivyo na kuvikata vinapoingia. Kwetu Tanzania, majaribio ya mahindi yaliyobadilishwa vinasaba yalianza Makutupora, Dodoma, mwaka 2016, na mwaka 2018 serikali ikaamuru yasitishwe. Uamuzi wa kupanda au kutopanda mbegu za namna hiyo ni wa nchi nzima, na wakulima wenye hofu juu ya nani atamiliki mbegu wana haki ya kujibiwa kwa kina na kwa lugha wanayoielewa. Ninachosema ni kwamba siku ya kuamua tutahitaji watu wetu wenyewe wanaoweza kuikagua mbegu hiyo, kuipima katika udongo wetu na mbele ya virusi vyetu, na kutuambia ukweli hata kama hautawafurahisha waliotoa fedha. Watu hao hawaokotwi siku ya kuamua. Wanaandaliwa leo, shambani na maabarani, chini ya mwalimu aliyewatangulia, nao wanahitaji uhakika kwamba baada ya miaka mitatu watakuwa bado wapo kazini. Nchi itakayokataa teknolojia inamhitaji mtaalamu huyo sawasawa na itakayoikubali.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaopanga bajeti ya kilimo ni la wazi. Fedha za wafadhili zije, zinasaidia, nami niliona faida yake. Lakini mishahara ya watafiti wa magonjwa ya mazao ya chakula, pamoja na gharama za kutunza mashamba ya mbegu mama za muhogo, viazi vitamu na migomba, zitoke katika fungu letu wenyewe na zisikatwe mradi unapofungwa. Kila mtafiti mwandamizi anayekaribia kustaafu apewe angalau vijana wawili wa kutembea naye mashambani misimu yake ya mwisho, maana mengi anayoyajua hayamo katika machapisho, yamo machoni. Nilijifunza zaidi kuhusu michirizi ya kahawia kwa kufuatana asubuhi moja na fundi mmoja wa maabara aliyekuwa anakaribia kustaafu, ambaye alikuwa akiligeuza jani la chini dhidi ya jua na kusema huu ndiyo, huu hapana, kuliko nilivyojifunza katika semina zote nilizohudhuria. Sijui kama aliwahi kupata wa kumrithi.

Na kwa gazeti lako nina ombi dogo zaidi. Watu hupanda Amani kutazama ndege na vipepeo, na bustani ya mimea ya tangu enzi za Wajerumani, na sina ugomvi na hilo. Lakini kila nikifuatana na wageni kule juu, hakuna anayejua kuhusu muhogo mpaka nimweleze. Naomba umtume mwandishi wako aje aiandike habari hii kwa kirefu, azungumze na wazee waliowahi kufanya kazi kituoni au waliosimuliwa na baba zao, kabla hawajaondoka wote. Afike baada ya masika, barabara inapokuwa imekauka. Nitampokea stendi ya Muheza, na kabla hatujapanda mlima atapita kwangu ale bada, yaani ugali wa muhogo, kwa kisamvu cha mpira. Mti uko uani, na pembeni yake nina matuta manne ya Namikonga, uzao wa zile pingili kumi, ambayo mwaka huu nimeyakagua mche kwa mche na kung'oa miwili.

Wako,
Afisa ugani mstaafu,
Muheza, Tanga